Dawa za Seif Gerezani

Firdausi ni mkulima wa Kibuta, wilayani Kisarawe. Analima mihogo na mananasi. Kila asubuhi huswali, hubandika chai, huwaaga watoto wake wawili wanaokwenda shule, kisha hushika jembe. Hupalilia mpaka jua linapochoma mgongo. Zamani walilima wawili, yeye na mumewe, Seif. Sasa analima peke yake.

Mwaka jana Seif alikamatwa akichoma mkaa ndani ya msitu wa hifadhi. Mahakamani hakukana kosa. Alihukumiwa kifungo cha miezi kumi na minane, akapelekwa katika gereza moja upande wa Kibaha.

Seif ana kifafa tangu utotoni. Majirani wengine walisema amerogwa. Hakurogwa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na hauambukizi. Mgonjwa akimeza vidonge kila siku kama alivyoelekezwa, mara nyingi hukaa vizuri. Seif alikuwa amekaa miaka sita bila kuanguka.

Mara moja kwa mwezi Firdausi humtembelea. Safari ni ndefu, kwa hiyo hufikia Kongowe ya Kibaha kwa wifi yake, Kudra, dada yake Seif. Kudra anafanya kazi katika kiwanda kimoja Zegereni.

Jumapili moja Firdausi aliketi mbele ya wavu wa chumba cha wageni. Seif alipoingia, Firdausi alishtuka. Jicho moja la Seif lilikuwa limevimba. Jino la mbele halikuwepo.

"Baba Ally! Nani amekupiga?"

"Sikupigwa, mama Ally. Nilianguka."

"Umeanguka vipi? Dawa humezi?"

Seif alitazama nyuma, askari alikuwa mbali kidogo. Akasema polepole, "Dawa hakuna. Mganga wa zahanati ya gereza amehamishwa. Leo siku ya kumi na moja sijameza kidonge. Nimeanguka mara mbili. Mara ya pili nilijigonga kwenye sakafu."

"Na mle ndani mnalala wapi?"

"Chini. Tumebanana. Chumba cha watu arobaini tuko themanini na kitu. Dirisha moja limezibwa kwa magunia kwa sababu mvua inaingia. Nikianguka, naangukia wenzangu."

"Nitakwenda kusema!"

"Usiseme popote," Seif alimkatiza. "Wewe utarudi Kibuta. Mimi nitabaki humu. Wakikasirika, nitakayeumia ni mimi."

Muda ukaisha. Firdausi alitoka akilia.

Jioni ile Kudra alimpeleka kwa jirani yao, Bi Mwanajuma. Mama huyu alikuwa askari magereza kwa miaka ishirini na saba. Sasa amestaafu na anafuga kuku. Waliingia wakamkuta anachambua mchele.

"Shikamoo mama," alisema Firdausi.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona macho mekundu?"

Firdausi alimweleza yote. Bi Mwanajuma aliweka ungo chini.

"Nisikilize," alisema. "Mumeo alikosa, na adhabu yake ni kunyimwa uhuru. Kunyimwa dawa si sehemu ya adhabu. Mfungwa ana haki ya kutibiwa, kula, kupata maji safi na kulala mahali penye hewa. Hiyo si hisani ya askari. Ni sheria."

"Sasa nikamwambie nani, mama? Askari ni wao, gereza ni lao."

"Anza na mkuu wa gereza. Ukiona kimya, nenda kwa watu wa nje. Hakuna mtu anayeweza kujikagua mgongo wake mwenyewe. Ndiyo maana sheria imeweka macho mengine. Majaji na mahakimu huingia magerezani kukagua. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hao hawaajiriwi na Magereza. Wana uwezo wa kuingia, kutazama, kuuliza, na kuandika walichokiona."

Kudra aliuliza, "Na wakija, si watamwita Seif mbele ya askari? Si ndiyo hao askari watamwandama?"

Bi Mwanajuma alitikisa kichwa. "Mkaguzi anayeijua kazi yake hafanyi hivyo. Anaongea na wafungwa wengi, mmoja mmoja, askari akiwa hasikii. Akitoka, hakuna anayejua nani kasema nini. Mimi nilikuwa askari. Nilikuwa nasimama kule mbali chini ya jua, nasubiri wamalize."

"Hamkuwa mnakasirika?"

"Wengine walikasirika, sitakudanganya. Lakini mwaka mmoja kisima chetu kiliharibika. Tuliandika barua juu ya barua, kimya. Wakaja wakaguzi, wakaandika wao. Maji yalirudi, ya wafungwa na yetu sisi askari. Tangu siku hiyo mimi sikuwaogopa tena wakaguzi."

Kesho yake Firdausi na Kudra walikwenda gerezani. Walipokewa na msaidizi wa mkuu wa gereza. Aliwasikiliza, akaandika kitu kwenye daftari, akasema, "Tutalishughulikia."

Firdausi alikaa Kongowe wiki nzima, watoto wakibaki Kibuta kwa jirani. Jumapili alirudi kumwona mumewe. Kidonge hakikuwa kimefika. Seif alikuwa ameanguka tena, safari hii akiwa anaoga. Alikuwa anaongea kwa shida, maana alikuwa ameuma ulimi.

"Baba Ally," alisema Firdausi, "nitaandika barua kwa Tume. Najua unaogopa. Na mimi naogopa. Lakini naogopa zaidi nije hapa Jumapili moja niambiwe hupo."

Seif alifumba macho. Kisha akasema, "Andika."

Firdausi alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la jioni pale Kibuta. Alikuwa hajawahi kuandika barua kwa ofisi yoyote. Alitaka Bi Mwanajuma amwandikie.

"Andika mwenyewe," alisema Bi Mwanajuma. "Mimi nitakaa hapa. Taja jina lake, namba yake ya kifungo na jina la gereza. Sema umeona nini, na tarehe. Ulichoambiwa, sema umeambiwa. Usiongeze chumvi. Na huna haja ya wakili. Unaweza kutuma barua, kupiga simu, au kufika ofisini kwao. Hulipi chochote. Hata mfungwa mwenyewe anaweza kuwaandikia, na barua yake haitakiwi kufunguliwa njiani."

Firdausi aliandika, akachana, akaandika tena. Karatasi ya tatu ndiyo aliyoituma. Juu aliandika namba ya kifungo, jina la gereza na namba yake ya simu, kisha:

"Mume wangu Seif ana kifafa. Nimemwona tarehe mbili na tarehe tisa. Amevunjika jino, amevimba jicho na ameuma ulimi. Ameniambia hapati dawa. Ameniambia chumba chao kimejaa na dirisha limezibwa. Tulikwenda gerezani kusema tarehe tatu. Naomba mje muone kwa macho yenu. Naomba jina langu lisitajwe."

Akarudi Kibuta. Siku zilikuwa nzito. Alipalilia, lakini moyo haukuwa shambani. Siku ya tano simu yake ililia. Mtu alijitambulisha kuwa ni ofisa wa Tume. Alisema barua imefika. Akauliza dawa gani Seif anatumia na kliniki gani ilimwandikia. Firdausi alimsomea karatasi ya kliniki, herufi kwa herufi.

Mwezi uliofuata alikwenda tena Kibaha. Aliketi mbele ya wavu. Seif aliingia akitembea wima. Uso haukuwa na uvimbe.

"Wamekuja," alisema hata kabla ya salamu.

"Nani?"

"Wakaguzi. Watu watatu. Kiongozi wao anaitwa Bwana Ashrafu, na mmoja ni daktari, mwanamke. Walikuja Jumanne bila kutoa taarifa. Waliingia mpaka chooni. Walipima chumba chetu kwa futi ya kamba, wakahesabu watu na magodoro. Walionja ugali na maharage. Yule daktari alifungua kabati la dawa."

"Wakakuita jina?"

"Hata. Waliongea na watu zaidi ya thelathini, mmoja mmoja, kule kwenye karakana ya useremala. Askari walikuwa mbali. Zamu yangu ikafika. Bwana Ashrafu akaniambia, 'Sema unachotaka. Usichotaka, acha.' Nikasema yote."

"Na dawa?"

"Siku ya tatu zilifika. Kumbe sikuwa mimi peke yangu. Mle ndani tulikuwa wagonjwa saba bila dawa. Wawili wa kisukari, watatu wa presha, na mwenzangu mmoja wa kifafa. Na kumbe mkuu wa gereza alishaomba mganga mpya mara mbili, hakujibiwa. Wakaguzi waliandika na hilo."

Sasa mganga yupo. Kila asubuhi Seif humeza kidonge mbele yake, kisha hutia sahihi kwenye kitabu. Magunia yameondolewa, dirisha limewekewa bati la kuzuia mvua, na hewa inapita. Si kila kitu kimerekebishwa. Chumba bado kimejaa, ingawa watu kumi na wanane wamehamishiwa kwingine. Miezi miwili baadaye wakaguzi walirudi kuona kama waliyoyaagiza yametekelezwa. Walisema watarudi tena.

Firdausi alimpelekea Bi Mwanajuma mananasi sita makubwa. Alipiga magoti kumpa. "Mama, sina neno. Mungu akulipe."

"Inuka mwanangu," alisema Bi Mwanajuma. "Mimi nilikaa tu kwenye kiti. Kalamu ulishika wewe." Lakini aliyapokea mananasi kwa mikono miwili, na machozi yalimlengalenga.

Seif sasa ana miezi mitano hajaanguka.

Jumapili iliyopita Firdausi alikuwa kwenye foleni ya wageni nje ya gereza. Mbele yake alisimama bibi mmoja kutoka Mlandizi, mwenye kanga ya njano na fimbo. Walisalimiana, wakaanza kuzungumza.

"Mjukuu wangu ana kifafa," alisema yule bibi. "Mwanzoni mwa mwaka nilijua nitamzika. Sasa anapata dawa, amenenepa. Wanasema kuna mtu aliandika barua, wakaguzi wakaja. Simjui ni nani. Lakini kila nikiswali namwombea. Namwambia Mungu, popote alipo mtu yule, mlinde yeye na watoto wake."

Firdausi alitazama chini, akafuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Amin, bibi," alisema. "Amin."

Askari akaita majina mawili ya mwanzo. Firdausi alimshika bibi mkono, wakaingia pamoja.