Kisu cha Bei ya Katikati

Watu wa Kisumu wananijua kwa kelele. Nikipanda jukwaani, hata mtoto aliyelala mgongoni kwa mamake kule nyuma huamka kunisikiliza, kisha analia, kisha mamake ananilaani mimi. Harusi, harambee, mavuno ya kanisa, popote watu wanapotaka kucheka wanasema, "Mwiteni Tom." Kwa hiyo msinitarajie ninong'one. Kunong'ona sikusomea.

Jioni ile, walionong'ona ni wengine.

Ulikuwa ule mwaka magugu yalipoanza kufunika ziwa. Mdogo wangu Gordon, fundi wa injini za mashua, alitoka ufuo wa Dunga kwenda kujaribu injini aliyoitengeneza. Mashua ikaletwa ufuoni na mawimbi, tumbo juu kama kambare aliyekufa. Gordon hakuletwa. Tulimtafuta mpaka waliokuwa wakitusaidia wakaanza kutukwepa macho.

Sasa, kwetu mtu akipotelea majini na mwili usionekane, hatuliachi jina lake lielee. Tunazika yago. Ni lile tunda refu la kijivu linaloning'inia mtini kama mkono wa mtu aliyelala, zito kama mtoto mchanga. Tunalifunga shuka, tunalilaza kwenye jeneza, tunalililia, tunalizika. Hapo umekwisha. Hata ukija kutokea baadaye ukiwa hai, umenenepa, una suti na redio ya kaseti, hakuna atakayekufungulia mlango. Aliyezikwa amezikwa.

Mama yetu, Selpha, alilikataa hilo tunda majuma mengi. Mwishowe ba'mdogo Joram na wazee wenzake wakasema basi, tunazika kesho. Mama akakubali kwa sharti moja.

"Mwanangu hakuwahi kutoka nyumbani bila kisu mfukoni," alisema. "Mkizika hilo tunda bila kisu, mtakuwa mmezika tunda."

Nikatumwa kisu.

Ilikuwa kweli. Gordon na kisu chake cha kukunja walikuwa kama mtu na kivuli chake. Alikatia mipira ya petroli, alikatia kamba, alikwangulia plagi. Akiwa anawaza, alikifungua na kukifunga mfukoni. Ta... ta... Na chungwa alilimenya kwa ganda moja refu lisilokatika, kisha akalivaa shingoni na kumwambia mkewe Benta, "Tazama, mumeo ana tai."

Jua lilikuwa linashuka nilipoegesha baiskeli mbele ya duka la vyuma la Arvind. Tulikuwa wateja wake tangu zamani. Alikuwa amerudi juzi tu kutoka India, kwenye harusi ya mpwa wake, na tumbo alilorudi nalo lilionyesha harusi ilikuwa nzuri.

"Bwana Tom! Leo umekuja kununua ama kuchekesha?"

"Nataka kisu ya kukunja, bhai. Ya mfukoni. Ya kila siku."

Hakuniuliza ni ya nani. Alitoa visu vitatu, akaninyooshea cha kwanza mkononi.

"Weka mezani kwanza," nikasema. Mama alitulea hivyo. Kisu hakitoki mkononi kwenda mkononi. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota mwenyewe. Usipofanya hivyo, ulichonacho kibaya unampa pamoja na kisu.

Arvind akacheka. "Nyinyi watu wa ziwa!"

Akavipanga juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa cha bei ya chini, mpini wa plastiki nyekundu. Nilipokitikisa, ulimi wake wa chuma ulicheza kama jino la nyanya yangu. "Hii itakata kidole kabla ya kamba," nikasema. Cha pili kilikuwa cha bei ya juu, kutoka Ulaya. Ndani yake mlikuwa na mkasi, bisibisi, tupa, kijiti cha meno. Mtu angeweza kufanyiwa upasuaji nacho na bado kikabaki kijiti cha kujichokolea meno. Lakini kisu cha kutembea nacho kila siku hakifai kuwa kitu unachokiogopa. Kile ukikiweka mfukoni, suruali inashuka na wezi wanapanda.

Cha tatu kilikuwa cha katikati. Mpini wa pembe, ulimi mmoja urefu wa kidole cha kati, na chuma mgongoni cha kuushika usikufungie vidole. Nikakata kamba ya katani, ikaachia bila kelele. Nikakifungua. Ta. Nikakifunga. Ta.

Ilikuwa sauti ya Gordon.

Halafu nikahisi kitu kingine. Vile visu viwili vilikuwa baridi, kama chuma chochote. Hiki kilikuwa na joto. Joto la kitu kilichotoka sasa hivi mfukoni mwa mtu.

"Bhai, mbona hii ina joto?"

"Ah, ndugu yako ameshika muda mrefu."

"Ndugu gani?"

"Gordon! Wa injini. Ametoka hapa saa hii. Amejaribu zote tatu, amechagua hiyo, amesema, 'Weka, ndugu yangu atakuja chukua.'" Arvind akaegemea kaunta. "Zamani yeye pia alikuwa anasema weka mezani, weka mezani. Leo amenyoosha mkono mwenyewe. Nikampa mkononi. Akamaliza, akanirudishia mkononi. Nikamwambia, sasa umekuwa mtu ya town."

"Alikuwa... amevaa nini?"

"Shati ya bluu. Imelowa yote. Nilidhani huko kwenu imenyesha."

Mvua haikuwa imenyesha. Nikatazama sakafu upande wa wateja. Palikuwa na maji. Si mengi. Na harufu... harufu ya tope la chini kabisa ya ziwa, lile linalopanda na nanga.

Shati la bluu ndilo aliloondoka nalo.

Nilikilipia kisu, nikakitia mfukoni, nikapanda baiskeli nikakanyaga kama mwenda wazimu. Mdogo wangu yu hai! Na kesho tunamzika! Nilijiambia ameokolewa mahali, amegonga kichwa, amechanganyikiwa, ndiyo maana amelowa. Nilijieleza kila kitu ila lile joto. Nikauacha mji, nikaacha barabara ya Ahero, nikaingia njia ya kwetu inayopita kati ya mafunjo. Giza lilikuwa linaingia polepole. Vyura walikuwa wakipiga kelele pande zote mbili.

Kisha wakanyamaza. Wote, mara moja.

Ta.

Nikashika breki.

Ta...

Nikapapasa mfuko. Kisu kilikuwa pale pale, kimefungwa. Lakini sauti ilitoka mbele, kwenye lile daraja dogo la saruji.

Mtu alikuwa ameketi ukingoni, miguu imening'inia juu ya maji.

"Omera," akanong'ona. Ndugu yangu. Ndivyo alivyoniita siku zote.

"Gordon?"

"Usije karibu sana. Bado nimelowa."

Kwa ile nuru iliyobaki niliona shati la bluu limegandamana na mbavu. Mikono yake ilining'inia mizito, mirefu kuliko nilivyoikumbuka, ikiyumba kidogo ingawa upepo haukuwepo. Nilitafuta mzaha, maana mzaha ndio fimbo yangu. Nikasema, "Mamako analia kule nyumbani, na wewe uko hapa unaosha miguu?"

Hakucheka. Gordon alikuwa mtu wa kwanza kucheka mizaha yangu, hata ile mibovu.

"Kisu umeleta?"

Nikakiweka juu ya saruji, nikarudi nyuma. Akakiokota. Akakifungua, akakifunga. Ta... ta... Akakinusa. Nilidhani atanipa. Mkono wangu ulishanyooka wenyewe.

"Hapana," akasema haraka. "Si wewe. Wewe ni ndugu."

Akakilaza chini taratibu, kama mtu anayelaza yai.

"Mwambie mama asinizike kesho. Angoje kidogo tu. Nikikauka, nakuja."

"Twende sasa hivi! Panda nyuma, twende!"

"Omera..." Sauti ilitoka ndani ya maji, sio mdomoni. "Bado nimelowa."

Vyura wakaanza tena. Kwenye ukingo hapakuwa na mtu. Palikuwa na kisu tu, na saruji iliyolowa.

Nyumbani jeneza lilikuwa tayari sebuleni kwa mama, na ndani yake yago lililofungwa shuka. Nikawaita mama, Benta na ba'mdogo Joram chumba cha ndani, nikawaeleza yote. Benta alianza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Yu hai! Si nilisema? Toeni hilo tunda humu ndani!"

Mama hakucheka. Alikitazama kisu bila kukigusa.

"Wewe alikurudishia vipi?"

"Alikiweka chini."

"Na Mhindi?"

"Mkononi, mama. Arvind mwenyewe ameniambia. Alinyoosha mkono, akapewa, akarudisha mkononi."

Mama akakaa kitandani kama mzigo uliokatiwa kamba.

"Nilimfundisha mwenyewe," akasema. "Alijua anafanya nini. Amempa yule mtu kifo chake. Sasa anangoja kipokelewe."

"Mama, unasema nini?" Benta akanong'ona.

"Anakauka yeye, analowa mwingine."

Ba'mdogo Joram akavua kofia, akaivaa tena.

"Tuzike," mama akasema. "Tuzike kukipambazuka, kabla hajakauka. Mlango ukifungwa, pengine yule mtu atabaki hai."

"Mama!" Benta akapiga magoti. "Ulikataa majuma yote haya! Sasa anakuja na unamfungia? Yule atakufa kwa bahati yake. Mimi namtaka mume wangu!"

"Yule pia ana mke."

"Na mimi je?"

Mama alimshika kichwa, akakikandamiza kifuani mwake.

Tulizika kukipambazuka. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua shuka na kukilaza kisu juu ya tunda. Tunda lilikuwa kavu kabisa alfajiri ile, hilo nilishuhudia, na sikuwaza maana yake. Benta hakutoka nyumbani.

Udongo ulipojaa nikapanda baiskeli, suruali ikiwa na tope la kaburini, kwenda kumwambia Arvind asikaribie maji hata ya kunawa. Njiani nilipanga namna ya kumwambia bila kuonekana kichaa. Nilikuwa hata nimetunga mzaha.

Duka lilikuwa limefungwa. Mkewe, Urmila, alikuwa ameketi ngazini, na majirani wamemzunguka. Mapajani alikuwa na ndala za mume wake.

"Bwana Tom," akasema. "Hakulala. Usiku wote anasema mkono wake ni baridi, mkono wake ni baridi. Kabla ya alfajiri akasema anaenda kutembea. Watu ya Dunga wameleta hii tu."

Kabla ya alfajiri. Kabla yetu.

Akaliangalia tope kwenye suruali yangu. "Wewe umezika leo?"

"Ndugu yangu. Alizama. Hatukupata mwili. Tumezika... kwetu tunazika tunda, mama."

Alitikisa kichwa muda mrefu, akizigeuza zile ndala.

"Nyinyi mko na tunda," akasema. "Sisi tunachoma. Sasa tutachoma nini?"

Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo, na nimeulizwa maswali na walevi wa mji mzima.

Jioni hiyo tuliketi kwa mama, mlango umefungwa kwa komeo. Nje mbwa alibweka mara moja, kisha akalia kwa furaha, vile alivyokuwa akimlilia mtu mmoja tu.

Ta... ta...

Benta akasimama.

Nilichungulia dirishani. Langoni palikuwa na mtu, na shati la bluu lilikuwa linapepea. Lilikuwa limekauka. Kwenye nguzo ya lango lilining'inia ganda la chungwa, moja, refu, halijakatika.

"Mama," akaita. Si kwa kunong'ona. Kwa sauti yake, sauti ya Gordon kabisa, yenye njaa na uchovu wa safari. "Mama, ni mimi. Nimekauka. Nifungulieni."

Benta aliurukia mlango. Mama alikuwa amewahi, mgongo wake juu ya komeo, machozi yakimtiririka mpaka shingoni.

"Tulishamzika," akamwambia Benta. "Tulishamzika, mwanangu. Kaa."

"Benta? Ni mimi! Omera Tom, waambie!"

Mama akanigeukia.

"Tom. Chekesha."

"Mama..."

"Chekesha, mwanangu. Kwa nguvu. Tusimsikie."

Nikasimama katikati ya sebule, pale jeneza lilipokuwa. Nikaanza na ule mzaha wa mlevi na ng'ombe wa pasta. Nikapiga kelele mpaka koroboi ikayumba. Hakuna aliyecheka ndani.

Nje, langoni, mtu mmoja alicheka. Alicheka mahali penyewe pa kucheka, vile alivyocheka siku zote.

Kila jioni huja. Mnaoniuliza kwa nini siku hizi siigizi mjini jua likishatua, jibu ni hilo. Nina kazi nyumbani. Giza likianza kuingia, ninasimama mbele ya mama na Benta, na ninapiga kelele.