Ukurasa wa Presha

Dirisha la dawa lilijaa watu, na mhariri alikuwa na haraka mpaka zamu yake ilipofika. Mfamasia alivaa koti jeupe juu ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na ile haraka yote ikamwisha.

"Naomba dawa ya mama yangu, ya shinikizo la juu la damu."

"Ya presha," mfamasia alimrahisishia.

"Presha ipo ya kupanda na ya kushuka, dada."

"Kwani we daktari?"

"Hapana. Nahariri kamusi elezo ya mtandaoni. Nachagua majina ya makala."

"Pole sana," alimtania yule dada, na wote wawili wakacheka. Jioni hiyo waliongea kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Mapenzi yakakolea, hata mfamasia naye akaanza kuandika kwenye kamusi ile. Makala yake ya kwanza aliipa jina "Presha", kwa ajili ya watu wa dirishani kwake. Mhariri akaibadili ikawa "Shinikizo la juu la damu". Sheria ya kamusi ile ilitaka jina lijadiliwe kwanza hadharani, lakini yeye, kwa jeuri ya mtu anayejua anapendwa, aliona hakuna haja ya kujadiliana na mpenzi wake.

Simu ikalia.

"Mtu baki ungemuuliza. Mimi umeniruka."

"Lakini mpenzi, jina lile lina utata."

"Sizungumzii jina. Najizungumzia mimi." Akakata.

Ilimuuma mhariri, na ilistahili kumuuma. Hakutuma maua. Alilirudisha jina la "Presha", akafungua mjadala na kukiri mbele ya wote kwamba alikosea kutouliza. Kisha akatoa hoja yake, maana kuomba radhi hakukumfanya aache kuiamini: mwenye presha ya kushuka akifuata ushauri wa presha ya kupanda, ataumia.

Mfamasia naye hakulegea. Mgonjwa, alijibu, hutafuta neno alilolisikia; asipolikuta, anameza dawa kwa kubahatisha. Wakavutana siku kadhaa, wahariri wengine wakichungulia kama majirani. Mwishowe mfamasia mwenyewe akapendekeza "Presha" ibaki ukurasa mfupi wa kuelekeza, msomaji achague ya kupanda au ya kushuka, kila moja na makala yake yenye jina kamili. Mhariri alikubali, wala hakugusa kitu mpaka alipoambiwa, "Haya, badilisha."

Kesho yake akaenda kupanga foleni dirishani.

"Umefuata dawa?" mfamasia aliuliza.

"Nimekufuata wewe. Mama anataka kuja kwenu Jumamosi, kuniposea. Nimemzuia."

Mfamasia akanywea. "Umemzuia kwa nini?"

"Kwa sababu bado sijakuuliza wewe."

Mama mmoja aliyekuwa akilalamika nyuma alisogea asikie vizuri. Mfamasia alifuta macho kwa mkono wa koti, bila kujificha.

"Niulize basi."

Akamuuliza, kwa sauti, watu wote wakisikia.

"Usimzuie tena," alisema mfamasia. "Na sasa sogea, watu wanasubiri dawa."