Fundi Asiyesikia Maumivu

Sokoni palikuwa pamejaa hata pa kuweka mguu hapana. Kijana mmoja wa maabara alikuwa akipenya kati ya vibanda, mara koti lake jeupe likanasa kwenye msumari, chwaa! Mfuko ukaning'inia. Hatua chache mbele palikuwa na cherehani, na nyuma yake msichana mwenye gauni la kijani, tepu ya kupimia imelala shingoni kama mkufu.

"Dada, nisaidie. Nikirudi kazini hivi watanicheka."

"Lete, daktari."

"Mimi si daktari, niko maabara."

"Basi nitakuita Mtaalamu. Kaa hapo, usinizibie mwanga."

Cherehani ikakimbia. Msichana akainua macho kumtazama, akachelewa kuyarudisha, sindano ikapita kwenye kidole. Kijana akapiga ukelele mpaka wauza viatu wakageuka. Fundi mwenyewe alizungusha gurudumu polepole, akachomoa kidole, akajifuta damu kwa kipande cha kitambaa, akakitupa.

"Sasa aliyechomwa ni mimi au wewe?"

"Huumii?"

"Sijawahi kusikia maumivu tangu nizaliwe. Mama hunikagua kila jioni kama kuku wa kununua, isije ikawa nimeungua na mimi sina habari."

Kijana alicheka, lakini moyo ulikuwa ukimdunda kwa mambo mawili kwa pamoja: msichana mwenyewe, na mwili wake usiosikia maumivu. Fundi alipoinama kukata uzi, kijana akaokota kile kitambaa chenye damu, akakitia mfukoni.

Simu zikaanza. Asubuhi "umeamkaje, Fundi wangu," mchana "umekula," jioni kicheko hadi salio liishe. Kijana alimpenda kweli. Kosa ni kwamba hakusema habari za kitambaa. Mpaka siku moja akapiga akihema.

"Mpenzi, kaa chini! Tumeiona!"

"Mmeiona nini, jamani?"

"DNA yako! Kila mtu ana maandishi mwilini yanayouambia mwili ufanye nini. Yako yana herufi moja iliyobadilika, ikafunga mlango wa kupitisha maumivu. Tukiujua huo mlango, tunaweza kutafuta dawa mpya ya kuufunga kidogo tu, kwa wenye saratani wanaolia wodini. Bila kuwalewesha! Unaelewa?"

"Naelewa. Damu yangu umeipata wapi?"

"Si kile kitambaa... siku ile ya kwanza..."

"Kumbe! Mimi nikadhani nimepata mchumba, kumbe nimeokotwa." Akakata.

Mama yake aliposikia akashika kifua. "Mwanangu, anayechukua kidogo bila kuomba, kikubwa ataomba kwa nani?"

Nanyi wasichana mnaosoma, lishikeni neno hilo. Na ninyi vijana, jambo jema halikupi ruhusa ya mwili wa mwenzio. Hata huyu alijua kwamba maabara yao haigusi damu bila ridhaa ya mwenyewe. Furaha ilimtia upofu.

Mwishowe akaenda kwa mkuu wake, akasema yote. Kitambaa kikateketezwa, majibu yakafutwa, naye akaondolewa kabisa kwenye utafiti ule alioupenda kama roho yake. Akavaa shati la bluu lililonyooshwa, akaenda sokoni. Mama mtu alikuwapo, anashona vifungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kuokota nini?"

Kijana akaeleza yote. Fundi akasimamisha cherehani.

"Kwa hiyo damu yangu haikusaidii tena?"

"Hata ukiileta kwa ndoo, hawaniruhusu kuigusa."

"Sasa umefuata nini?"

"Wewe. Nataka kukuoa."

"Wee!" mama akadakia. "Maneno hayo yana wakubwa wake. Na kwanza mwanangu hajajibu!"

Fundi akamgeukia kijana. "Wale wa wodini, wanalia kweli?"

"Wanalia, Fundi wangu."

"Basi nitaenda huko maabara kwa miguu yangu, na mama yangu. Wewe hutaingia."

Wakaenda. Mama akauliza maswali mpaka muuguzi akavuta kiti akakaa: Nani ataona? Akikataa kesho, mtayafuta majibu yake? Aliporidhika, binti akatema mate kwenye kichupa, maana hata mate yana yale maandishi ya mwili. Nje ya geti, Mtaalamu alikuwa akizunguka juani kama aliyepoteza ufunguo. Simu ikalia.

"Fundi! Vipi huko?"

"Mate wamechukua."

"Na mimi je?"

"Nimewauliza kama na moyo wanautaka. Wamesema hauna kazi kwao. Walete wazee wako Jumamosi, waje kuuomba kwa adabu."