Lango Ambalo Mabruka Hakulifunga

Kila jioni baada ya masomo, Mabruka alipitia saiba moja, duka la kukodi kompyuta, pale Dagoretti Corner kufanya kazi ya ziada, maana nyumbani kwao hakukuwa na intaneti. Muhula uliopita kazi hiyo ilikuwa kero tupu. Maktaba ya mtandaoni ilitaka nywila moja, mazoezi ya hisabati nywila nyingine, na kazi ya sayansi nyingine tena. Alizichanganya mpaka akatamani kuitupa kompyuta barabarani.

Ndipo Mwalimu Ndeti, msimamizi wa kompyuta shuleni, alipompa kila mwanafunzi nywila yake moja tu.

"Mtaingilia lango la shule la mtandaoni," aliwaeleza. "Mkishaingia, tovuti nyingine hazitawauliza nywila. Zitaiuliza shule, 'Huyu ni wenu?' Nayo itajibu, 'Ni wetu, mfungulieni.' Lakini mkimaliza, tokeni langoni!"

Mabruka alishangilia kuliko wote. Hayo ya mwisho hata hakuyasikia vizuri.

Alhamisi, pale saiba, aliandika ripoti yake ya mvua, vipimo vya wiki sita alivyovichukua kila asubuhi kwa kopo na rula. Ripoti bora ingepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi, na mwisho wa kuzipokea ulikuwa Ijumaa saa sita adhuhuri. Aliituma, akafunga ukurasa, akakimbilia nyumbani.

Ijumaa saa nne Mwalimu Ndeti alimwita kwenye chumba cha kompyuta. "Mabruka, mvua yako imegeuka nyuki?"

Mahali pa ripoti yake palikuwa na kurasa nne kuhusu mizinga ya nyuki. Mabruka alihisi machozi yakimlenga.

"Wallahi, Mwalimu, hii si yangu! Huu mfumo mpya ni bure kabisa!"

"Jameni! Naye Kiarie jina lake halina kitu, na ameniapia kwamba alituma. Nyinyi watoto mtanitia wazimu!"

Kiarie, mwanafunzi mwenzake, aliitwa. Alipoona nyuki wake, aliruka. "Hiyo ni yangu! Niliituma jana pale saiba, kwa ile kompyuta ya dirishani. Aki ilinifungulia tu bila kuniuliza chochote."

"Ilikufungulia kwa jina la Mabruka?" Mwalimu Ndeti alifoka. "Basi umeiba nywila yake. Twende kwa mwalimu mkuu!"

Mabruka alishtuka. Kompyuta ya dirishani ndiyo aliyoitumia yeye. Hasira zilimwambia anyamaze, kwani si Kiarie aliyefuta mvua yake? Lakini alisimama mlangoni, akawazuia.

"Mwalimu, hakuiba. Nilifunga ukurasa tu. Sikutoka kwenye lango la shule."

Mwalimu Ndeti alishusha pumzi ndefu. "Na niliwaambia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara tano, Mabruka! Na ya Kiarie ilipoingia kwa jina lako, ile ya kwanza ilifutika. Siwezi kuirudisha."

Mabruka alichomoa mkobani daftari la vipimo, limekunjika pembe zote. Saa mbili zilikuwa zimebaki. Kiarie alivuta kiti.

"Nitakusomea. Wewe andika."

Wakaikosa hata chai ya mapumziko. Kiarie alisoma siku baada ya siku, akakosea mstari, wakagombana, wakarudia. Saa sita kasoro dakika tatu, ripoti ilitumwa. Mabruka aliinuka, na Kiarie akakaa ili atume nyuki wake.

"Ngoja!" Mabruka alimsukuma, akabonyeza pa kutokea langoni. Skrini ikauliza upya jina na nywila. Kiarie alicheka, akaandika yake, akatuma nyuki wake dakika moja kabla ya saa sita.

Mwalimu Ndeti hakucheka, ila sauti yake ilikuwa imelainika. "Nywila moja imewapunguzia usumbufu, haijawapunguzia uangalifu. Ufunguo wa milango yote ukiusahau mlangoni, umeiacha wazi yote. Na ile mashine, Mabruka, haikujua nani alikuwa ameketi pale. Kama usingesema kweli, Kiarie angeitwa mwizi mpaka leo jioni, na pengine mpaka amalize shule."