Kiti Kilichomeza Joto

Jambo hili lilimkuta Dochia, mkunga wa kijiji kimoja milimani juu ya mji wa Dorna, asubuhi moja ya Januari alipokuwa akimpeleka baba yake, mzee Gavril, kupimwa mapafu mjini. Gari lake lilikuwa kuukuu, na hita ilitoa uvuguvugu tu, kama pumzi ya mgonjwa. Daktari alikwisha kuonya kwamba baridi ndiyo itakayommaliza mzee.

Kwanza akapitia kwa binamu yake Pantelimon, fundi magari.

"Hili, dada, lingekuwa ng'ombe tungeshalichinja," Pantelimon alisema akifungua boneti. Maji ya rejeta yalikuwa tele. Themostati, kile kidhibiti joto cha injini, ilikuwa mpya. Akashika mipira miwili ya hita, wa kuingizia maji na wa kutolea. Yote miwili ilichoma. Akakuna kidevu. "Moto unaingia ndani. Sasa unaishia wapi?"

Dochia hakuweza kungoja. Akamkazia baba yake blanketi kwenye kiti cha nyuma, wakaondoka.

Mlimani misonobari ilisongamana na theluji ikawa nene. Kiti cha mbele, kando ya Dochia, kilikuwa kitupu. Lakini kioo cha upande ule kilianza kuota ukungu. Doa dogo. Likakua, likafifia. Likakua, likafifia.

"Dochia," mzee alinong'ona. "Mwambie huyo mama asogee. Anatumalizia moto."

"Mama yupi, baba?"

"Huyo hapo mbele yangu."

Dochia akanyoosha mkono kwenye tundu la hita la upande ule. Hewa ilitoka kali, ya kuunguza. Akausogeza mkono juu ya kiti.

Baridi ya kisimani.

Springi za kiti zikalia, kama mtu anayejigeuza.

"Sasa anakutazama wewe," mzee alisema.

Dochia akafunga breki. Akamshusha baba yake, akamshika kiunoni, wakatembea bila kugeuka nyuma mpaka lori la magogo likawachukua. Mzee alifika mjini akiwa hai, ila vidole vyake viwili havikurudiwa na damu tena.

Kesho yake Pantelimon alikwenda kulivuta gari. Ndani kila kitu kilikuwa kimeganda: usukani, vioo, hata blanketi lililoanguka sakafuni lilikakamaa kama ubao. Dochia alibaki mbali, barabarani. Pantelimon akaegemeza kiganja kwenye kile kiti cha mbele cha abiria ili aingie.

Akauondoa mkono haraka.

"Dada," alisema polepole, "hapa pana joto."