Jogoo Chini ya Sakafu

"Chini hakai mtu," Bi Zoila aliniambia kwa mara ya tatu, kasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni. "Kuna maboksi na baiskeli mbovu. Andika watatu, uende zako mwanangu."

Begi la sensa lilikuwa begani na kitambulisho kinaning'inia kifuani. Kwa simu yangu nilikuwa nampigia mchumba wangu Segundo, maana siku hizi kumpata imekuwa kazi. Sikio moja linasikiliza simu ikiita, jingine linamsikiliza Bi Zoila.

Jogoo akawika chini ya sakafu.

Wilaya nzima ya Queens hakuna mwanamume mwingine ambaye simu yake inawika kama jogoo. Nilikuwa nikimtania kila siku aubadilishe mlio huo.

"Unafuga kuku, Bi Zoila?"

"Redio hiyo."

Segundo akapokea, ananong'ona. "Mpenzi, niko kazini, juu ya paa. Nitakupigia."

"Paa la wapi?"

"La... Bronx."

Na hapo hapo, chini ya nyayo zangu, mtu akakohoa. Kikohozi cha mwanamke.

Kwa wiki sita nilikuwa nikihesabu mtaa ule. Jiji linajaa kila siku. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja sasa ina familia tano, na moja daima iko chini, kwenye stoo, kinyume cha sheria. Tuna njia zetu za kujua. Tunahesabu kengele za mlangoni, mita za umeme, viatu. Kwenye mlango wa pembeni wa Bi Zoila kulikuwa na miavuli miwili, mmoja mdogo wa maua. Lakini kazi yetu ni kuandika anachosema mwenye nyumba, na sisi wahamiaji wa kutoka Azuay, wengi bila vibali, tumefundishwa jibu moja tangu utotoni: akija mtu mwenye kitambulisho, chini hakuna mtu.

Nikaandika watatu.

Nilipofika kona nikamtumia ujumbe: "Nani huyo anakohoa kwa Bi Zoila?"

Akausoma. Baada ya dakika kumi akajibu:

"Narcisa, nakuomba kwa jina la Mungu, usiandike chochote."

"Sijauliza habari za kuandika. Nimeuliza ni nani."

"Siwezi kusema. Niliapa."

"Basi njoo uchukue pete yako."

Miezi mitatu alikuwa haji kula mote, yale mahindi ya kuchemsha ya kwetu, nyumbani siku za Jumapili, eti kazi nyingi, eti anaishi mbali kwa kaka yake. Na mimi, mjinga mkubwa, nilikuwa nachagua gauni la harusi.

Alhamisi mvua ikanyesha kwa hasira. Saa tisa mchana barabara yetu ilikuwa mto, magari yanaelea. Simu ikaita. Nilitaka nisipokee.

"Narcisa." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na maji. "Maji yameingia. Yamejaa kwenye ngazi, mlango haufunguki. Dirisha lina nondo."

"Umewaita zimamoto?"

"Siwezi. Wakija watatuona."

"Wawaone! Segundo, waache wawaone!"

"Yamefika kiunoni," akasema, kisha kwa sauti ndogo sana, "mwenzangu hajui kuogelea."

Simu ikakatika. Nikawapigia zimamoto, nikawapa anwani, na sikusubiri. Nilikimbia mitaa sita, maji yananifika magotini, nikimlaani na kumwombea kwa pumzi ile ile.

Nilipofika, zimamoto walikuwa wameshasimama mlangoni kwa Bi Zoila. Bibi wa watu kalowa chapachapa, meno yanagongana.

"Tuko watatu, wote tuko hapa," anawaambia. "Chini hakuna mtu."

Kiongozi wao akageuka kwenda nyumba ya jirani.

"Kuna watu!" nikapiga kelele. "Chini kuna watu!"

Bi Zoila akanidaka mkono, kucha zikaniingia. "Uliapa, Narcisa! Ninyi wa sensa mnaapa maisha yenu yote kwamba hamtasema. Ukisema wamekwisha hao. Na mimi nimekwisha."

Ni kweli niliapa, mkono juu, mbele ya bendera. Na nilijua nikifungua mdomo, kesho hakuna mlango mtaani utakaonifungukia. Niliogopa sana, sitaki kujifanya shujaa hapa.

"Wangapi?" yule zimamoto akaniuliza.

Swali langu mwenyewe. Nimewauliza watu swali hilo wiki sita, wala sikujua linauma hivi. Ningeweza kusema mmoja.

"Wawili," nikasema. "Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja."

Wakaingia na mashine kukata nondo. Kilichotoka kwanza dirishani ni kofia nyeusi, kama zile walizovaa bibi zetu. Kisha mikia miwili ya nywele nyeupe. Kisha mama mzee mzima, anasukumwa kutoka chini na mikono ninayoijua.

Halafu mikono ile ikazama.

"Segundo!"

Sijui ilikuwa muda gani. Zimamoto mmoja akajitosa nusu ya mwili dirishani, akavuta, akavuta tena, na Segundo akatoka anatapika maji meusi. Nikamrukia. Nilimpiga kifuani kabla ya kumkumbatia.

"Huyo ndiye mwanamke wako?"

"Ni mama yangu," akasema. "Ana miezi mitatu tangu afike. Alivuka jangwa kwa miguu. Aliniapisha nisimwambie mtu, na wewe zaidi ya wote. Anasema wewe ni mtu wa serikali."

"Mimi ni mtu wako!"

"Najua. Niliogopa."

"Unadhani mimi sikuogopa? Nilikuwa nakuzika na hawara yako!"

Bi Zoila alikuwa amekaa kwenye ngazi, analia kama mtoto. "Nilitaka kuwaambia wapo," anarudia. "Naapa nilitaka. Mdomo ukasema hakuna. Nimezoea mno, Narcisa, mdomo ukasema wenyewe."

Sikuweza kumtukana. Hata mimi, zimamoto angeniuliza ghafla, labda ningejibu vile vile.

Nikampeleka Segundo na mama yake kwetu. Mama yangu akatoa nguo kavu na supu ya moto, wala hakuuliza kitu. Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi wangu, nikamweleza nilichosema na nilikisema mbele ya nani. Alinisikiliza, akaandika. Mpaka leo nasubiri jibu lake, na kila simu ikiita naidaka.

Jumapili, mezani, mama yangu akaniuliza, "Wewe unayehesabu dunia nzima, fomu ya humu ndani umejaza?"

Nilikuwa sijajaza. Nikaileta. Nikaandika mama, mwenye nyumba. Nikajiandika mimi.

"Segundo Lema Tenesaca," nikasema. "Uhusiano na mwenye nyumba?"

"Mkwe," akajibu.

"Pete nilishakurudishia moyoni."

"Moyoni siyo mkononi. Naiona hapo kidoleni."

Mama yangu akacheka. "Andika mkwe, wewe. Padre nitazungumza naye mimi."

Nikaandika. Ikabaki nafasi moja. Nikamgeukia mama yake, aliyekaa pembeni na kofia yake magotini, macho kwenye kitambulisho changu kilichokuwa mezani.

"Mama, si lazima. Naweza kuiacha wazi."

King'ora kikapita nje. Vijiko vikabaki juu mpaka kikapotelea mbali. Mama mkwe wangu akaikamata kofia yake kwa mikono miwili. Hakuwa amelitamka jina lake kwa sauti tangu aingie katika jiji hili.

"Rosa Nube Tenesaca Guamán," akasema. "Andika lote."