Bakuli Chini ya Blanketi la Bibi

"Viatu viache hapo kwenye jiwe, bwana mgeni. Ndani tunaingia na soksi."

"Najua, Yeojin. Nimeishi nyumba hii miaka saba."

"Chumba kimewekwa kwa jina la Ma Garam. Wewe ndiye Ma Garam?"

"Garam ni dada yangu. Unamjua."

"Namjua. Ni mwanamke. Wewe naona una ndevu."

Gyuho alijishika kidevu, begi likiwa bado begani. Nyuma ya Yeojin, mlango wa karatasi wa chumba cha bibi yake ulisogea kidogo, ukaacha upenyo wa kutosha jicho moja.

"Basi niambie kama nimefukuzwa," alisema Gyuho.

"Aliyelipia chumba hafukuzwi. Chumba chako ni kile cha mwisho. Kifungua kinywa saa mbili, kuondoka saa tano."

"Cha mwisho? Moto haufiki kule. Sakafu yake ni barafu tupu."

"Sakafu zote za nyumba hii zina moto."

"Ile haina. Niliijenga mimi."

"Basi wa kumlaumu unamjua."

Jicho la mlangoni lilicheka, kisha likakohoa ili kuficha kicheko.

Nyumba hiyo ya mbao na vigae, nje kidogo ya mji wa Andong, ilikuwa ya ukoo wa Yeojin. Siku hizi vyumba vya mbele vililaza wageni, watu wa Seoul waliokuja kulala sakafuni usiku mmoja na kuondoka wakisema migongo yao imepona. Gyuho hakuwahi kuwa mgeni pale. Aliletwa akiwa kijana na baba yake Yeojin, fundi seremala wa nyumba za namna ile, akafundishwa kazi, akapewa bakuli lake la shaba lenye kifuniko, na mwishowe akachumbiana na binti wa fundi. Harusi ilikuwa iwe baada ya mavuno. Kisha fundi na mwanafunzi wake wakagombana. Gyuho alisema amechoka kuunga nguzo zilizooza za watu wengine. Akaenda Ulsan kuunda meli, akamwambia Yeojin atarudi kabla theluji haijaanguka.

Theluji ilianguka mara tatu, mwaka baada ya mwaka. Katika ile ya pili, fundi alifariki. Gyuho hakuja kuzika.

Yeojin alikwenda nyuma ya jiko na kupiga simu.

"Garam, umenifanyia nini?"

"Nimekuletea mgeni. Si mnatafuta wageni?"

"Mgeni gani huyu!"

"Analipa na hakoromi. Mfukuze basi kama unaweza, wifi."

"Usiniite wifi."

"Sawa, wifi."

Alipokata simu, alikuta ujumbe wa Mwalimu Bae. Bae alifundisha hesabu katika shule ya pale, mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata Jumapili. Wiki iliyopita alimwomba Yeojin waoane.

"Dada Yeojin, kesho asubuhi napita kuchukua jibu langu. Likiwa zuri nitakula kifungua kinywa. Likiwa baya nitakula vilevile, supu yenu ni nzuri mno."

Yeojin aliandika: "Karibu." Alilitazama neno hilo. Halikuwa ndiyo, halikuwa hapana. Akalituma.

Jioni alichutama mbele ya tundu la moto, nje ya ukuta, akisukuma kuni chini ya sakafu. Gyuho alikuja akachutama pembeni, akamwekea gogo mkononi kabla hajalitafuta.

"Wageni hawafanyi kazi," alisema Yeojin.

"Nahisi baridi tu."

"Rudi chumbani kwako."

"Huko ndiko kwenye baridi yenyewe."

Yeojin alisukuma gogo. Moshi ulimpa sababu ya kufuta macho.

"Ulipata habari za baba?"

"Nilipata."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Niliona aibu, Yeojin. Neno langu la mwisho kwake lilikuwa tusi."

"Aibu haimzuii mtu kupanda basi."

"Haimzuii," alikubali Gyuho. "Mimi ilinizuia."

"Na leo imekuachia?"

"Garam aliniambia mwalimu amekuposa. Siku zote nilijiambia nina muda. Kumbe sina."

"Kwa hiyo umemfuata mwalimu."

"Nimekufuata wewe. Sema neno moja tu, likiwa baya nitaondoka saa tano kama ratiba yako inavyosema."

Yeojin alisimama, akakung'uta majivu kwenye sketi, akaingia jikoni.

Alipakua wali. Chakula cha wageni alikipanga kwenye visinia vyeusi vyenye miguu mifupi na ua jekundu katikati. Cha Bibi na chake alikiweka mezani. Mwiko wa mwisho aliumimina katika bakuli la shaba, akalifunika, akalifunga kwa kitambaa, akalipeleka chumbani kwa Bibi na kulisukuma chini ya blanketi, pale sakafu ilipo na moto zaidi hadi karatasi yake imegeuka rangi ya kahawia. Watu wa kule hufanya hivyo kwa mtu wa nyumbani ambaye hajarudi. Wali wake husubiri kwenye joto, ili naye huko aliko asilale njaa. Bakuli la mgeni haliwekwi hapo kamwe.

Yeojin aliliweka kila jioni ya baridi tangu Gyuho aondoke. Asubuhi aliula wali huo mwenyewe na supu. Bibi aliona na hakuuliza. Siku hiyo nayo mkono ulifanya kazi yake bila kukiuliza kichwa.

"Huyo mgeni haji kunisalimia?" Bibi alipaza sauti. "Au Ulsan wanafundisha kuwapita wazee kama magunia?"

Gyuho aliingia, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Umekonda, we mtoto. Huko kwenye meli mnakula misumari?"

"Tunakula, Bibi. Ila si kama hapa."

"Unaongea kama mkwe. Usikae hapo kwenye baridi, sogea. Ingiza miguu."

Gyuho alisogea, akaingiza miguu chini ya blanketi kama alivyofanya miaka yote saba. Ikasikika sauti kama ya kengele. Kifuniko cha shaba kilitoka upande wa pili, kikabingirika hadi mlangoni, kikasimama miguuni pa Yeojin aliyekuwa ameleta togwa ya mchele. Wali ulitapakaa sakafuni, ukitoa mvuke.

"Ee!" alisema Bibi. "Kosa lilelile la mwaka ule ulipofika."

Gyuho hakucheka. Alikuwa ameliokota bakuli na kupitisha kidole ukingoni, penye kibonyeo kilichoachwa na nyundo yake mwenyewe.

"Hili ni langu," alisema.

Akawatazama Bibi na Yeojin kwa zamu.

"Wote mko nyumbani. Mmekwisha kula." Alizungumza polepole, kama mtu anayepima ubao. "Nani hajarudi?"

Bibi alimtazama Yeojin. Yeojin aliitazama togwa.

"Ni mwalimu, sivyo?" alisema Gyuho. "Garam aliniambia amekuposa. Hakuniambia kwamba ameshakuwa mtu wa nyumbani. Na bakuli mmempa langu."

Hapo neno moja lingetosha: lako. Lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Yeojin alikumbuka jeneza la baba yake likipita langoni, na jinsi alivyogeuka kuiangalia barabara, na barabara ikiwa tupu.

"Mgeni haulizi vyombo vya mwenyeji," alisema.

Gyuho aliinama, akaokota wali wote kwa vidole, punje kwa punje, akaurudisha bakulini.

"Samahani, Bibi. Lala salama."

Mlango ulipofungwa, Bibi alivuta blanketi hadi kidevuni.

"Una kiburi cha baba yako," alisema. "Na yeye kimemfikisha wapi? Kule mlimani, kaburini."

Usiku ule sakafu ya chumba cha mwisho ilikuwa barafu, kama fundi wake alivyosema.

Asubuhi Mwalimu Bae alifika kabla ya saa mbili, shati limenyooka. Aliketi kwenye ukumbi wa mbao akimsalimia Bibi kwa heshima zote. Yeojin alileta visinia viwili, kimoja akakiweka mbele ya Bae, cha pili mbele ya Gyuho. Gyuho alikuwa na begi lake tayari. Hakugusa kijiko.

"Mwalimu, hongera," alisema Gyuho.

"Hongera ya nini, ndugu yangu? Mimi hapa nasubiri majibu ya mtihani."

"Umeshafaulu. Bakuli lako limewekwa chini ya blanketi, nimelipiga teke mwenyewe. Uniwie radhi."

Bae aliweka kijiko chini.

"Bakuli langu?"

"Ndiyo."

"Ndugu, mimi nimekula nyumba hii mara nyingi. Mara zote kwenye hiki." Aligonga kisinia kwa ukucha, pale kwenye ua jekundu. "Cha wageni. Kila nikija nakitazama na kujiambia, labda leo." Akamgeukia Bibi. "Bibi, chini ya blanketi lako kuna bakuli?"

"Tangu theluji ya kwanza kati ya hizi tatu. Miguu yangu inalala kwenye baridi kama ya mbwa wa lango."

"La nani?"

"Muulize anayeliweka. Mimi mgongo wangu hauinami."

Wote walimtazama Yeojin. Uso wake ulikuwa umeiva hadi masikioni. Alikunja kitambaa cha mezani mara mbili, kisha akakikunjua.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Jana nilipaswa kukuandikia, nikaogopa."

"Uliandika 'karibu'," alisema Bae. "Mtu akitaka kusema ndiyo haandiki karibu. Nilijua, ila nilikuja kwa ajili ya supu."

Alishika tena kijiko chake. Alikula polepole, hadi punje ya mwisho, kwa sababu alisema atakula. Hakuna aliyethubutu kuondoka kabla hajamaliza. Kisha alivaa viatu vyake pale kwenye jiwe, akafunga kamba vizuri, akamwambia Gyuho:

"Ukitaka kuondoka tena, uniambie mapema. Nakaa mtaa wa pili."

"Sitakupa nafasi hiyo, mwalimu."

"Tutaona," alisema Bae, akaenda zake na mgongo wake umenyooka kama shati lake.

Gyuho alibaki amesimama na begi.

"Ni kweli?"

"Bibi amezeeka, huchanganya mambo."

"Nimesikia!" sauti ilitoka nyuma ya karatasi, kwani Bibi alikuwa amejipenyeza chumbani kwake kwa wepesi usiolingana na mgongo wake.

"Yeojin."

"Nilikuwa na hasira," alisema Yeojin. Alizungumza na kile kisinia. "Usidhani nilikuwa naweka nikilia. Naweka na hasira zangu. Siku nyingine nakibamiza kifuniko hadi Bibi anashtuka. Lakini taarifa ya hali ya hewa ikisema Ulsan kuna baridi, naongeza mwiko."

"Na asubuhi nani alikula?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Chakula hakitupwi."

Gyuho aliweka begi chini. Alifumba macho kidogo, kisha akayafumbua.

"Nataka kwenda kwa baba yako kwanza. Kabla sijaomba kitu chochote hapa."

"Pombe ya mchele ya kummiminia kaburini iko kabatini. Mlima unaujua."

"Nikifika nimwambie nini?"

"Anza na lile tusi. Liondoe." Yeojin alishuka ukumbini, akaingiza miguu kwenye viatu vyake. "Nitasimama nyuma yako nisikie kama umeliondoa vizuri."

Walipanda mlima kila mmoja akiwa hatua chache mbali na mwenzake. Waliporudi walikuwa bega kwa bega, na magoti ya suruali ya Gyuho yalikuwa na matope. Saa tano ilikuwa imepita zamani. Hakuna aliyeitaja.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Bibi alimwambia kutoka dirishani. "Wewe si mgeni, kwa hiyo shoka liko nyuma ya jiko. Ukimaliza kuni, ufumue sakafu ya chumba kile cha mwisho. Watu wanalipa kulala kwenye barafu yako."

"Sawa, Bibi."

"Na mpigie dada yako. Mwambie aulize kwa mtabiri tarehe nzuri ya harusi, kabla huyu hajabadili mawazo."

"Bibi!" alisema Yeojin.

"Nimezeeka, nachanganya mambo."

Jioni Yeojin alipakua wali. Bakuli la shaba aliliweka mezani, bila kifuniko, mbele ya mtu wake. Alipomaliza kula, Bibi aliingia chumbani, akajilaza, akanyoosha miguu chini ya blanketi taratibu, akitazamia kugonga shaba. Haikugonga kitu. Akainyoosha zaidi, hadi mwisho, pale kwenye rangi ya kahawia.

"Ala!" walimsikia akisema peke yake. "Kumbe sakafu hii ni ndefu namna hii."